Kahawa au ploti? Kinachoamua msimamo wa mkulima wa Thika na Ruiru kuhusu tabianchi

Wiki ya kwanza ya Machi, ardhi ya Gatuanyaga, mashariki mwa mji wa Thika, huwa ngumu kiasi cha jembe kugonga na kurudi juu. Mashimo ya mahindi yamechimbwa. Mbegu iko ndani ya nyumba, kwenye pakiti ya kilo mbili, na pesa zilizoinunua hazitaonekana tena hadi mavuno. Angani hakuna wingu.

Mkulima ana njia mbili. Anaweza kufukia mbegu kwenye vumbi leo, ili tone la kwanza liikute ardhini na mahindi yafaidi kila siku ya mvua. Au angoje inyeshe mara mbili tatu ndipo apande. Akiwahi, kisha mvua ikaja siku mbili na kukatika, mbegu itaota na kukauka. Akichelewa, na mvua ikaaga mapema Mei, mahindi yatakwama yakiwa yanachanua.

Jirani wa kulia amepanda. Wa kushoto anangoja. Simu ina ujumbe wa utabiri wa hali ya hewa, na Jumapili mchungaji alisema Mungu hachelewi.

Hapo ndipo suala la kukabiliana na mabadiliko ya tabianchi linapoamuliwa, wala si kwenye kumbi za hoteli za Nairobi. Kwa miaka mingi, maafisa na wafadhili wamelizungumzia kana kwamba kikwazo ni ujinga: mkulima hajui, basi afundishwe. Ukiichunguza hali ya Thika na Ruiru, hoja hiyo haisimami. Mkulima anajua. Kinachomtia moyo au kumvunja ni nani aliyeleta habari, mti utakuwa na bei gani ukizaa na, zaidi ya yote, kama shamba lake litaendelea kuwa shamba.

Hakuna asiyejua

Wazee wa Kiambu na Murang'a waligawa mwaka kwa mvua mbili: ya njahi, inayoanza Machi, na ya mwere, inayoanza Oktoba. Kila moja ilikuwa na mazao yake na kazi zake. Kalenda hiyo sasa imevurugika mbele ya macho ya kila mtu.

Kuanzia vuli ya 2020 hadi vuli ya 2022, mvua ilikosekana misimu mitano mfululizo katika sehemu kubwa ya Kenya, Somalia na Ethiopia. Ulikuwa ukame mbaya zaidi kwa takriban miaka 40. Mnamo Februari 14, 2023, Rais William Ruto aliongoza maombi ya kitaifa ya mvua katika uwanja wa Nyayo. Mvua ilirudi mwezi uliofuata. Kisha, kuanzia Oktoba mwaka huohuo, El Niño ikaleta mafuriko, na masika ya 2024 yakaua zaidi ya watu 200 nchini. Mkulima aliyelia ukame alijikuta akihesabu mistari ya sukuma wiki iliyosombwa na maji.

Utafiti umelithibitisha hili zamani. Taasisi ya kimataifa ya sera za chakula, IFPRI, ikishirikiana na watafiti wa Kenya, ilihoji zaidi ya kaya 700 za wakulima katika maeneo mbalimbali nchini, yakiwemo Othaya na Mukurwe-ini kule Nyeri. Wengi walikuwa wameshaona joto likipanda na mvua ikibadilika. Walichofanya zaidi ni kubadilisha aina ya mbegu, tarehe ya kupanda na zao lenyewe. Hatua kubwa, kama unyunyiziaji maji na upandaji miti, walizitaka lakini hawakuzimudu. Sababu walizotaja ni pesa, mikopo na ardhi.

Na wale wanaosema wamemwachia Mungu? Baadhi ya watafiti huandika jibu hilo kama dalili ya kukata tamaa. Mimi naona wanakosea. Mtu huyo aliyesema hivyo asubuhi utamkuta jioni akitandaza majani makavu kwenye mashina ya migomba. Anamkabidhi Mungu kile ambacho hakuna afisa wala benki iliyojitolea kukibeba pamoja naye.

> Mkulima anajua. Kinachomtia moyo au kumvunja ni mambo mengine kabisa.

Miongo minne ya Ruiru 11

Mfano bora wa jinsi mkulima anavyopokea kitu kipya uko papo hapo Ruiru, katika taasisi ya utafiti wa kahawa ambayo leo iko chini ya shirika la utafiti wa kilimo na mifugo, KALRO.

Kahawa ya Kenya ilijijengea jina kwa aina za SL28 na SL34, zilizochaguliwa katika maabara za Scott miaka ya 1930. Kikombe chake ni kitamu, lakini mti wake ni dhaifu. Chulebuni, ugonjwa ulioonekana Kenya kwa mara ya kwanza 1922, huozesha buni changa hasa kukiwa na baridi na unyevu. Kutu ya majani nayo hupenda joto. Mkulima mwenye SL28 hulazimika kupulizia dawa mara kwa mara mwaka mzima, na kila mvua isiyo ya msimu humwongezea mizunguko ya bomba.

Mwaka wa 1985 watafiti wa Ruiru walitoa jibu: Ruiru 11. Mti mfupi, unaovumilia chulebuni na kutu, unaoanza kuzaa mapema. Hekta moja inayobeba mibuni 1,330 ya SL28 hubeba 2,500 ya Ruiru 11. Kwa mizani ya kitaalamu, hakukuwa na haja ya mkulima kusitasita.

Wakulima walisitasita. Kwanza, miche haikutosha. Ruiru 11 ni chotara inayozalishwa kwa kuchavusha maua kwa mkono, moja baada ya jingine, kwa hiyo mbegu zilitoka kidogo kidogo. Pili, kukawa na minong'ono kwamba ladha yake haiifikii SL28. Ukweli wa minong'ono hiyo umebishaniwa hadi leo, lakini mkulima anayelipwa kwa daraja la kahawa hahitaji ushahidi mwingi ili aogope.

Tatu, na hapa ndipo penye uzito, soko lilianguka. Julai 1989 mfumo wa migao ya mauzo chini ya Mkataba wa Kimataifa wa Kahawa ulivunjika na bei ikaporomoka duniani kote. Kenya, iliyokuwa imevuna karibu tani 130,000 katika msimu wa 1987/88, sasa huvuna nusu ya kiasi hicho au pungufu. Malipo ya vyama vya ushirika yalichelewa kwa miezi, na makato yakazidi. Nani angeng'oa mti wa babake apande mwingine wa zao lisilomlipa? Wengi waliiacha mibuni yao isimame tu, wakapanda mahindi na maharagwe katikati ya mistari.

Watafiti walijifunza. Waliwaonyesha wakulima namna ya kupandikiza chipukizi la Ruiru 11 juu ya shina la zamani la SL28, ili mti utumie mizizi iliyokwisha kwenda chini na mkulima asikae miaka bila mavuno. Mwaka wa 2010 wakatoa aina nyingine, Batian, ndefu kama SL na yenye sifa nzuri kikombeni. Naamini mkulima huzipokea aina hizi mbili kwa urahisi zaidi akiuona kwanza mti kwa jirani, tena ukiwa na buni.

Mbegu ile iliyobuniwa dhidi ya magonjwa leo inatangazwa kama ngao dhidi ya tabianchi, kwa sababu joto linapopanda kutu nayo hupanda milima. Taasisi imepata kazi mpya kwa mti wake wa zamani. Swali la mkulima halijabadilika: italipa?

Mti wa miaka mitano, bei ya msimu mmoja

Swali hilohilo linawasumbua wenye makadamia. Mti huu uliingia Kenya 1946 kupitia kwa mlowezi wa Thika, Bob Harries, na kwa muda mrefu ulikuwa mti wa kivuli na wa mashamba makubwa. Miaka ya karibuni ulihubiriwa kote Gatundu, Thika na Murang'a kama zao la wakati mpya: unastahimili kiangazi kuliko mahindi, hushika udongo, na huleta pesa za kigeni.

Wakulima waliitika. Walingoja mti uzae, na ulipozaa, mnamo 2023, bei ikaanguka. Kilo iliyokuwa ikiuzwa kwa zaidi ya Sh100 iliuzwa chini ya Sh50 katika baadhi ya maeneo. Serikali ikalegeza kwa muda marufuku ya 2009 ya kuuza nje makadamia isiyobanguliwa, huku wasindikaji na wakulima wakilaumiana. Baadhi ya watu walichukua shoka.

Anayemwona mtu huyo akikata mti anaweza kusema anaharibu mazingira. Lakini wanaomwambia apande miti kwa sababu ya tabianchi hawakuwepo siku dalali alipomtajia bei langoni. Parachichi ya Hass sasa inahubiriwa kwa sauti ileile, hasa tangu China ilipoifungulia soko 2022, na mwenye kumbukumbu husikiliza kwa sikio moja.

Habari imeletwa na nani?

Upinzani wa wakulima dhidi ya ushauri mwema una historia ndefu huku. Miaka ya 1940 serikali ya kikoloni ililazimisha watu wa Murang'a, wengi wao wanawake, kuchimba matuta ya kuzuia mmomonyoko kwa kazi ya bure. Udongo ulihitaji matuta hayo kweli. Lakini 1947 kazi ilisusiwa, na 1948 wanawake walikwenda hadi kwa mkuu wa wilaya kumwambia hawachimbi tena. Walikataa amri ya watu waliokuwa wamechukua ardhi nzuri kisha wakaja kufundisha wengine jinsi ya kuitunza iliyobaki.

Enzi hizo zimepita, ila suala la kuaminika halijapita. Oktoba 2023, wataalamu wa hali ya hewa wakiwa wameshaonya kuhusu El Niño, Rais alitangaza kwamba haitakuja, itakuwa mvua nyingi tu. Mafuriko ya Novemba yakaua zaidi ya watu 100. Machi 2024, mahindi yakipandwa, ikafichuka kwamba baadhi ya magunia ya mbolea ya ruzuku, yaliyouzwa kwa Sh2,500, hayakuwa na mbolea ya kufaa. Bunge lilipiga kura ya kumwondoa Waziri wa Kilimo wa wakati huo, Mithika Linturi, kisha kamati yake ikasema madai dhidi yake hayakuthibitishwa.

Mkulima aliyepoteza msimu kwa gunia lililotiwa muhuri wa serikali atauamini vipi ujumbe wa simu wa serikali hiyohiyo unaomwambia abadilishe tarehe ya kupanda?

Afisa wa kilimo wa nyanjani, aliyekuwa akija kwa pikipiki na kujua jina la kila boma, ni nadra kuonekana tangu kilimo kikabidhiwe kaunti 2013. Nafasi yake imechukuliwa na muuzaji wa duka la agroveti, ambaye hutoa ushauri pamoja na chupa ya dawa. Si mtu mbaya. Lakini hana bidhaa ya kukuuzia itakayokufundisha kutandaza majani makavu.

Anayebaki ni jirani. Wachumi Timothy Conley na Christopher Udry waliwafuatilia wakulima wa nanasi wa Akwapim Kusini nchini Ghana, na katika utafiti uliochapishwa 2010 walionyesha kwamba mkulima hubadilisha kiasi cha mbolea akimwona mtu anayemfahamu, mwenye hali kama yake, amevuna kuliko alivyotarajia. Thika ina nanasi pia, maelfu ya ekari za Del Monte. Lakini mkulima mdogo anayepita kando ya uzio ule hajifunzi mengi, maana hana mabomba yale wala soko lile. Shamba la mfano lenye mashine asizoweza kununua humwonyesha umbali uliopo tu.

> Jirani mwenye nusu ekari aliyevuna hufundisha kuliko semina kumi.

Shamba la kukodi, mawazo ya msimu

Tushuke Ruiru sasa, maana hapa ndipo mambo yote hayo yanapofunikwa na jambo moja kubwa.

Sensa ya 2009 iliipa Ruiru watu wasiozidi 240,000. Ya 2019 ilikuta takriban 490,000. Barabara kuu ya Thika ilipokamilika 2012, safari ya kwenda Nairobi ikafupika na ardhi ikapanda bei kila mwaka. Mibuni ikang'olewa. Mji mpya wa Tatu City pekee umekaa juu ya ekari 5,000 za lililokuwa shamba la kahawa. Mitaa ya Kahawa Sukari na Kahawa Wendani imebaki na jina.

Kati ya ghorofa na ghorofa bado kuna kilimo: sukuma wiki, mchicha, managu, nyanya, napia ya ng'ombe wawili. Sehemu yake kubwa hufanywa kwenye ardhi isiyo ya mkulima. Mwenye ploti anaishi Nairobi au ng'ambo, anangoja bei au pesa za kujenga, na amemruhusu mtu alime kwa kodi ya msimu. Makubaliano ni ya mdomo. Sheria ya Ardhi ya 2012 inaruhusu ukodishaji wa namna hiyo usiozidi miaka miwili, na haimpi mkodi cha kusajili. Lori la mawe likifika, kazi imekwisha.

Mwambie mtu huyo achimbe kidimbwi cha kuvunia maji, akitandike kwa nailoni. Mwambie apande miti ya kivuli, au alaze mabomba ya matone. Akikukatalia, andika kwenye fomu yako kwamba ana mtazamo hasi kuhusu tabianchi. Ukweli ni kwamba amepiga hesabu sahihi. Samadi anayoweka leo huendelea kuunufaisha udongo kwa misimu kadhaa, naye hana hakika ya msimu wa pili.

Mwenye shamba lake mwenyewe si lazima awe na nafuu. Mashamba mengi bado yana jina la babu aliyekufa zamani. Kesi ya urithi haijafunguliwa au imekwama kortini. Mke anayelima kila siku hana jina kwenye hatimiliki. Kijana aliyeahidiwa robo ekari ameshaigawa kichwani kuwa ploti mbili: moja auze, nyingine ajenge nyumba za kupanga. Ukimlaumu, mwambie ni zao lipi litakalomlipa kodi kila mwezi kama vyumba vinne vya mabati.

Hata maji yanamwonyesha mkulima upepo unakoelekea. Bwawa la Ndakaini, lililojengwa juu ya mto Thika na kukamilika 1994, hukinga maji ya Nairobi. Karimenu II kule Gatundu Kaskazini, lililokamilika 2022, lilikusudiwa mabomba ya Ruiru, Juja na Nairobi. Wakazi wa miji wanahitaji kunywa, hilo halina ubishi. Lakini mwenye pampu ndogo kule Ngoliba, mto ukiwa umenywea Februari, anajua yuko nafasi ya ngapi kwenye foleni.

Ng'ambo ya Athi

Wako wanaopinga hoja hii kwamba ardhi ndiyo inayoamua. Husema hatimiliki si dawa, kwamba wenye makaratasi nao huuza, na kwamba elimu na mikopo ndiyo itakayobadilisha watu. Wana haki kwa kiasi fulani. Kule Busia, jaribio la wachumi Esther Duflo, Michael Kremer na Jonathan Robinson lilionyesha kwamba ofa ndogo tu, kumuuzia mkulima mbolea mara baada ya mavuno na kumpelekea bila malipo ya usafiri, iliongeza matumizi ya mbolea kwa kiasi kikubwa. Pesa ilikutana na uamuzi kwa wakati wake, kabla ya karo na matanga kuifikia.

Hata hivyo, tazama ng'ambo ya mto Athi, nyuma ya Kilimambogo. Machakos ya miaka ya 1930 ilionwa na wataalamu wa kikoloni kama nchi inayokufa. Matuta ya kulazimishwa yalichukiwa huko pia. Watafiti Mary Tiffen, Michael Mortimore na Francis Gichuki walipochapisha uchunguzi wao 1994, walikuta idadi ya watu imeongezeka zaidi ya mara tano huku mmomonyoko ukipungua. Wakulima walikuwa wamejichimbia matuta wenyewe, kwa jembe na koleo, wengi wao baada ya uhuru. Walikuwa na hakika ya ardhi yao, soko la Nairobi lilikuwa karibu, na mishahara ya mjini ilirudi kijijini. Hawakuwa na semina nyingi kuliko watu wa Thika.

Tofauti ni kwamba Nairobi iliyonunua mboga za watu wa Machakos ndiyo leo inayokuja kununua ardhi yenyewe ya watu wa Ruiru.

La kufanya kabla ya mwere

Sheria ya Mabadiliko ya Tabianchi ya 2016 ipo, mkakati wa kilimo wa 2017 hadi 2026 uliandikwa, na fedha za FLLoCA, mpango wa kugharimia hatua za tabianchi mashinani, zimeelekezwa kwa kamati za wadi. Kamati hizo zikikaa Gatuanyaga, Ngoliba au Gatongora, zianze kwa kuuliza ni nani analima ardhi ya nani, na kwa muda gani. Kidimbwi cha umma kwenye ardhi ya shule au kanisa kinaweza kumfaa mkodi asiyeweza kuchimba chake. Kaunti ya Kiambu inaweza pia kuandaa mkataba rahisi wa kukodi shamba, wa ukurasa mmoja, utakaopatikana kwa chifu bila wakili.

Na wewe msomaji mwenye ploti Ruiru, Juja au Thika ambayo hutaijenga hivi karibuni: mkulima aliye juu yake anakulindia ardhi na anailisha Nairobi. Mwandikie miaka mitano. Taja fidia atakayopata ukiitaka ardhi kabla ya muda, na umruhusu apande mti.